Kompyuta za Mbao Mbichi

Watu wa Butembo wakiniuliza kwa nini niliacha kutengeneza kompyuta za mbao, huwa nawaambia mbao zimepanda bei. Wanakubali, kwa sababu hapa kwetu kila kitu kimepanda bei na hakuna anayepoteza muda kubisha. Ni uongo. Niliacha kwa sababu ya Josaphat, na kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo huu haukosi neno sokoni, wala barabarani kwenye vizuizi vya askari, wala mbele ya mtoza ushuru. Lakini siku moja ulipohitajiwa kweli ulifanya jambo ambalo mpaka leo, nikilikumbuka nikiwa peke yangu, najikuta nimesema "hapana" kwa sauti.

Naitwa Godelive. Nina karakana Bulengera, chini kidogo ya soko, na kazi yangu ni kuunganisha kompyuta. Si kuuza tu. Wauzaji tunao wa kutosha. Wafanyabiashara wetu wakienda Dubai na China wananiletea vipande: feni, diski, nyaya, na carte mère, yaani ule ubao wa kijani ambao vyote vinafungwa juu yake. Kilichokuwa kinanishinda ni masanduku. Ya bati yalifika yamepondeka njiani, na ya plastiki yalipasuka kabla hata mteja hajalipa. Nilichoka kuuza mashine nzuri ndani ya takataka.

Ndipo nikamwendea Josaphat, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa wetu. Wakati ule alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, na kofia ya sufu ambayo hakuivua isipokuwa kanisani. Nilimkabidhi carte mère moja. Akaigeuza, akaipapasa nyuma, akaninyanyulia macho.

"Hii kintu inatokaka moto?"

"Inatokaka, tata. Mingi," nikajibu, kwa maana kwetu mzee yeyote tunamwita tata, baba.

"Basi inaomba mbao yenye ilishakufa kabisa. Mbao yenye haiyakufa itakunyongea hii kintu."

Kwa Josaphat mbao haikukauka, ilikufa. Alinunua libuyu, ule mti mwekundu unaoshuka kwa malori kutoka upande wa Beni, akazipanga mbao darini juu ya jiko la mke wake, mahali ambapo moshi na joto la moto huzifikia kila siku. Zilikaa miezi saba. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipanda kuzigeuza. Kujua kama ziko tayari, aliziweka kwenye shavu: mbao ikiwa baridi shavuni, bado ina maji ndani, na aliirudisha darini bila huruma, hata kama nimesimama pale chini nikilia kwamba nina wateja. Nililia sana pale chini. Sikuwahi kumshinda.

Lakini masanduku yake! Kifuniko kilikaa bila hata nafasi ya kupitisha unyasi. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo mteja asingeangalia mpaka afungue, Josaphat alipiga alama yake kwa chuma cha moto: herufi J ndani ya duara. Aliipiga kwenye kila kazi yake, kitanda, benchi, hata jeneza. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, nani atakayekwenda kuisoma ndani ya jeneza. Akanijibu kwamba yule aliye ndani atakuwa na muda.

Tuliuza mbili, tatu kwa mwezi. Watu waliziweka sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria, wakazifunika kitambaa cha kufuma. Nilikuwa na furaha, nisifiche. Mtu akiingia karakana na kupitisha mkono juu ya sanduku kabla ya kuuliza bei, nilijisikia mrefu.

Halafu ikaja intaneti ya nyumbani.

Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya simu. Unanunua mega, unazila kabla hujamaliza kusalimiana na ndugu yako aliye Kampala, basi. Mwaka ule kampuni moja ikasimamisha mnara kilimani na kuanza kupachika antena ndogo nyeupe juu ya mabati ya watu. Antena inashuka kwa waya hadi kwenye kisanduku chenye taa nne, na kuanzia hapo nyumba nzima inakula intaneti mwezi mzima bila kuhesabu. Illimité! Neno hilo lilizunguka mji kuliko jina la mtakatifu yeyote. Majirani walikwenda kwa aliyefungiwa kwanza kuangalia zile taa nne tu, wakapewa viti na chai.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa Elikia, binti wa Kinshasa aliyepangiwa kazi kwetu, anayetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Aliingia karakana mwezi wa tano, akapitisha mkono juu ya sanduku, na hakuuliza bei.

"Ya Godelive, hii ni kitoko, muzuri sana! Ninataka sitini. Tutauzisha pamoja, abonnement ya intaneti ya kila mwezi na masini. Butembo makumi tatu, Beni makumi tatu. Tunafungua siku ya Assomption."

Assomption, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ni tarehe kumi na tano mwezi wa nane. Nilikubali kabla hajakaa. Kisha nikapanda kwa Josaphat, naye akapanda darini, akakaa huko muda mrefu akiweka mbao shavuni. Aliposhuka alikuwa na vumbi la masizi hadi kwenye nyusi.

"Mbao yenye ilishakufa inatosha masanduku makumi mbili na mbili. Zingine hapana. Muambie yule binti angoje mwezi wa kwanza."

"Tata, yule hatangoja. Atanunua za plastique."

"Anunue."

"Mais tata, ni sitini! Tukizipata, mji wote utatujua."

"Watatujua na nini?" akauliza, akaanza kujipangusa masizi. Nilikasirika, nikashuka bila kuaga. Hivyo ndivyo nilivyo.

Alitengeneza yale ishirini na mawili, mazuri kama kawaida. Mwezi wa saba ukielekea kwisha kaka yake alifariki huko Vuhovi, naye akaenda kwenye matanga akiwa na mkewe. Aliniachia ufunguo wa karakana yake ili niendelee kuchukua vitu vyangu. Angekaa wiki tatu.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba nilisita. Sikusita. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka nilikuwa Beni, kwenye ghala la mbao, nikinunua libuyu iliyopasuliwa wiki ileile. Ilikuwa nzito hata wapakiaji walilalamika, na ilikuwa na harufu ya chachu, kama maziwa yaliyoanza kugeuka. Niliweka moja shavuni. Ilikuwa baridi. Nikajiambia ni asubuhi, kila kitu ni baridi asubuhi. Nikailipia.

Nilimpata seremala mwingine, Delphin, anayetengeneza rafu za maduka na haulizi maswali. Tulifanya kazi mchana kutwa katika karakana ya Josaphat, kwa randa za Josaphat, na yale masanduku thelathini na manane yalitoka yakifanana na yake kiasi kwamba ungehitaji kuwa yeye mwenyewe ili kuyatofautisha. Delphin akaniuliza kama ayapige alama yake mwenyewe. Nikasema hapana, Elikia amenunua kompyuta za Josaphat. Chuma cha alama ya Josaphat kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari pembeni mwa dirisha. Nilikichoma motoni nikapiga kwa mkono wangu mara thelathini na nane. Mbao ile mbichi ilitoa povu kidogo kila nilipogusa.

Siku ya Assomption ilikuwa sherehe. Kampuni ilikodi muziki, watu walipanga mstari toka saa mbili asubuhi. Josaphat alikuwa amerudi siku tatu kabla, amekonda kwa msiba, na wote walimpa mkono. Nilimwambia kwamba Delphin alinisaidia kumalizia, kwamba nilipata mbao kavu kwa mtu. Alifungua kifuniko kimoja, akainama ndani yake kama anayetafuta kitu, akakaa hivyo. Kisha akakifunga.

"Muzuri," akasema. Akaenda kukaa kivulini.

Nilipumua. Nilidhani nimepita.

Unajua kilichotokea, au kama hujui, seremala yeyote angekwambia. Carte mère imefungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya sanduku. Mashine ikiwaka inatoa joto, na nyumba zenye intaneti isiyohesabiwa haziizimi mashine. Mchana watoto, jioni baba, Jumapili mama na dada zake wanaangalia ndoa ya mtu huko Ubelgiji. Joto lile likawa linaikausha mbao, ile kazi ya miezi saba darini, sasa inafanyika kwa wiki sita ndani ya sanduku lenyewe. Mbao ikikauka inajikunja. Ikijikunja inavuta skrubu, na skrubu zinavuta ule ubao wa kijani kutoka pembe nne mpaka unapasuka. Mbao iliinyonga mashine kama alivyosema.

Wa kwanza kurudisha alikuwa Étienne, mwalimu aliyehamishiwa Beni kutoka Kisangani. Alisafiri na mashine kwenye magoti mpaka Butembo, kwa njia ambayo hakuna mtu anaipita siku hizi kwa kujifurahisha. Alikuwa anafuata masomo ya chuo kwa njia ya intaneti, na alibakiza mtihani mmoja. Sanduku lilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona.

"Madame, sasa miye nitafanya namna gani? Tatizo iko wapi?"

"Ni mbao," nikamwambia.

Sikusema uongo. Ilikuwa mbao. Lakini yeye alifungua kifuniko, akaiona ile J ndani ya duara, akatikisa kichwa. Nami nilimwona akitikisa kichwa na nikaenda kumtafutia mashine nyingine. Nafikiri kama ningesema uongo wa kawaida ningekuwa na dhambi ndogo zaidi.

Zikaja nyingine. Kumi, kumi na saba, ishirini na tano. Carte mère hakuna anayeielewa, ila kila mtu kwetu anajua mbao iliyopasuka, kwa hiyo hakuna aliyenilaumu mimi. Walinihurumia. "Maskini Godelive, umeharibikiwa na huyu muzee." Josaphat aliitwa nyumbani kwa watu, akaenda na mfuko wake wa vyombo, akafungua masanduku yaliyobeba jina lake, akayaangalia na kusema maneno yaleyale, niliyasikia mara mbili kwa masikio yangu: "Alama ni yangu. Mutanisamehe. Nitatengeneza ingine." Na alitengeneza, mojamoja, kila mbao ilipokufa darini, bila kupokea kitu.

Sasa nieleze habari ya altare, kwa maana hilo ndilo jambo lenyewe. Parokia yetu ilikuwa inamaliza kanisa jipya, na kamati ilikuwa imempa Josaphat kazi ya altare. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza milango na majeneza, ile ilikuwa kazi ambayo angeiacha duniani. Mbao zake zilikuwa darini mwaka wa pili. Aliniambia, na hakuwa mtu wa kuniambia mambo, kwamba akishaimaliza hatashika tena randa, mikono imechoka.

Mwezi wa kumi na moja Papa Syauswa, mfanyabiashara wa vitenge na rais wa kamati, alianza kusema kwamba altare si ya kujaribia. Kwake mwenyewe kulikuwa na kompyuta moja iliyopasuka. Ikatangazwa kwamba Jumapili ya pili ya Majilio, baada ya misa ya kwanza, waumini watabaki kuamua kama kazi inabaki kwa Josaphat au wataagiza altare ya vigae.

Nilishindwa kula. Ijumaa nilipanda kwake. Alikuwa jikoni, anachambua maharagwe, mke wake alikuwa shambani.

"Wavukire, tata."

"Wavukire, mutoto yangu. Kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, Beni, Delphin, chuma, mara thelathini na nane. Alikuwa anaendelea kuchambua maharagwe. Nilipomaliza aliokota kijiwe kimoja, akakitupa nje ya mlango.

"Nilijua siku ya Assomption. Nilinusa."

Nikakaa.

"Juu ya nini haukusema, tata?"

"Nilikuwa nangoja weye njo useme. Kila siku nilikuwa nasema, leo atasema. Godelive hana mubaya, ana haraka tu." Akarudi kwenye maharagwe yake. "Bale bantu balilipa juu baliona alama yangu. Njo maana niliwatengenezea. Ile ilikuwa deni yangu, juu nilikuachia ufunguo. Lakini altare, ile hapana. Ile siwezi kuiacha hivi."

"Nitasema, tata. Nitasema Jumapili mbele ya wote."

"Sema tu vile umenisemea hapa," akasema. "Haiombi maneno mingi."

Nilishuka nikiwa mwepesi. Nilidhani kazi ngumu imekwisha kwa kuwa nimelia mbele ya mzee jikoni kwake.

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya baraka watu walibaki, na nilipotazama niliona jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja siku zote mbili zile. Wateja wangu wote walikuwa pale. Elikia alikuwa pale, ameketi karibu na nguzo, naye wiki ileile alikuwa ameniambia kampuni inataka mashine themanini nyingine, za bati safari hii. Josaphat alikuwa benchi la tatu, kofia yake magotini.

Papa Syauswa alieleza habari kwa upole, siwezi kumlaumu. Alimsifu mzee, akataja umri wake, akataja macho. Kisha akauliza nani ana neno. Nikasimama.

"Bantu ba parokia," nikasema, "Papa Josaphat hana makosa. Makosa ni yangu."

Kelele ndogo ikapita kwenye mabenchi. Nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu: nilinunua mbao mbichi, nikapiga alama yake. Nilivuta pumzi kuisema. Lakini mama mmoja nyuma yangu, ambaye sanduku lake Josaphat alikuwa amelitengeneza upya bure, akasema kwa sauti ya huruma, "Angalia roho ya huyu mwanamuke, anataka kujibebea makosa ya muzee." Na wengine wakaitikia. Mtu akapiga makofi, wawili, watatu.

Papa Syauswa aliinua mkono wakanyamaza. Hakuwa mjinga.

"Ngojeni. Mama Godelive, tunaomba tuelewe. Unatuambia kweli ya Mungu, ao ni huruma tu unamusikilia muzee wetu?"

Hakuna mtu amewahi kupewa nafasi nzuri kuliko ile. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilimwangalia Josaphat. Alikuwa amegeuka kwenye benchi lake, ananitazama, na uso wake ulikuwa umetulia, hata alikuwa ameanza kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye ameona mgeni wake anakuja njiani. Kisha nikaona wale wateja nyuma yake, mstari kwa mstari, na Elikia karibu na nguzo, na wote walikuwa wananipenda.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Muzee ametutumikia miaka mingi. Tumuhurumie tu."

Wakapiga makofi kanisa zima. Padri mwenyewe alipiga makofi. Mama wa nyuma akanishika bega. Hakuna aliyeuliza tena habari ya altare; ilikuwa imeshakuwa ya vigae.

Josaphat aliinuka. Alikuwa katikati ya benchi, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya magoti ya watu sita ili atoke, nao hawakuona kwa kuwa walikuwa wananiangalia mimi. Alipita polepole, kofia mkononi, akisema "pardon" kwa kila mmoja.